Robo Nne za Muhuri Mmoja

Katika mwaka wake wa mwisho kazini, shangazi yangu alikuwa na ombi moja tu: mwaka huo uwe wa mwisho kweli. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano, na waraka kutoka makao makuu ulisema aliyefika umri huo anaruhusiwa kustaafu, mradi barua yake ifike kwao kabla mwaka huo haujaisha. Ikichelewa hata siku moja, asubiri mpaka sitini. Dada yake mkubwa, mjane kama yeye, alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mbali na hapa, na macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Kila alipopiga simu alimalizia kwa maneno yale yale: "Kitanda chako nimekitandika." Shangazi akishakata simu alikaa dakika nzima anautazama ukuta. Mimi nilikuwa naishi kwake, kwa hiyo nilimwona.

Barua ya kustaafu ni ukurasa mmoja. Inataka jina, tarehe, saini na muhuri wa ofisi. Jina, tarehe na saini alikuwa navyo. Muhuri ulikuwa umekatwa vipande vinne.

Shangazi alikuwa ofisi ya vipimo na mizani. Wauza nyama, wauza vitambaa, wenye vituo vya mafuta, wote huleta mizani na fimbo zao za mita zikaguliwe, na wakipita hupewa cheti. Mkaguzi anaweza kukagua mpaka jasho limtoke, lakini cheti kisicho na muhuri ni karatasi ya kufungia misumari. Na muhuri ulikuwa wa shangazi. Miaka ishirini na sita aliushika yeye peke yake, katika chumba chenye meza moja, dirisha moja na kiti kimoja, maana kiti cha pili alikitoa nje mwenyewe ili mtu asije akakaa. Watu walimwita Bi Muhuri. Hakuwahi kugonga upande wala juu chini. Akigonga, meza ililia mara moja tu, na mwenye cheti aliondoka bila kuaga, kwa sababu shangazi hakuwa mtu wa kuagwa.

Nampenda, lakini tusidanganyane: alikuwa mgumu. Hata kalamu hakumwazima mtu. Kikombe chake cha chai alikifungia kwenye droo pamoja na muhuri, na ufunguo wa droo alilala nao.

Ndipo akaja Mkuu mpya wa ofisi. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu ushirikiano kazini, na semina ilikuwa imemwingia mwilini kama homa. Alikuja na karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu nene za rangi nne. Wiki ya kwanza kuta zote zikajaa methali. Juu ya mlango wa shangazi alibandika "Kidole kimoja hakivunji chawa." Shangazi akachukua penseli akaandika chini yake, kwa mwandiko mdogo na safi: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Mkuu aliisoma. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotuponza. Watu wa semina huwa hawakasiriki. Kesho yake asubuhi aliingia na fundi seremala mwenye msumeno mwembamba, akaomba muhuri kwa adabu zote, akauweka mezani, na mbele ya macho ya shangazi fundi akaukata msalaba, kuanzia mpini mpaka kwenye mpira wake, ukawa robo nne.

"Kuanzia leo," alisema Mkuu, "hakuna cheti kitakachotoka humu bila watu wanne kukaa pamoja. Umoja hauna cheo."

Robo ya kwanza alimpa shangazi. Ya pili alimpa karani wa masjala, mzee mpole anayeanza sentensi nyingi na kumaliza chache. Ya tatu alimpa mpika chai, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Birika. Ya nne alimpa dereva.

Hapo kwa dereva ndipo palipokuwa na kazi. Yeye na shangazi walikuwa wamenuniana miaka kumi na moja, na walinuniana kwa bidii, kama watu waliosaini mkataba. Hawakusalimiana wala kuangaliana. Wakilazimika kuzungumza, walipitia kwa Mama Birika hata kama wamesimama hatua moja.

"Mwambie huyo mtu atoe kiwiko chake kwenye cheti."

"Mwambie huyo mama kiwiko ni changu."

"Jamani, wote mmesikia," Mama Birika alikuwa anasema, "mimi mdomo wangu una kazi ya kupulizia jiko."

Utaratibu ukawa hivi. Mteja anakuja, wanne wanaizunguka meza, kila mmoja anachovya robo yake kwenye wino, Mama Birika anahesabu moja, mbili, tatu, wote wanabonyeza. Shangazi alibonyeza kwenye mbili na nusu, ili asionekane anamfuata dereva. Dereva alibonyeza kwenye tatu na nusu, ili asionekane anamfuata shangazi. Kwa hiyo kila muhuri uliotoka ulikuwa na ufa mweupe katikati wenye umbo la msalaba, na robo ya dereva imeinama kama mtu anayesinzia. Shangazi alikuwa anarudi nyumbani, anakaa kitandani na viatu, anasema, "Leo nimetoa vyeti arobaini vya aibu."

Na kwa vile dereva kazi yake ni kuendesha, haikuchukua wiki ofisi ikasimama. Akitoka na mkaguzi, muhuri umetoka. Wauza nyama walijaa uani na mizani zao wakisubiri robo irudi. Suluhisho la Mkuu lilikuwa jepesi: wanne wote waende na gari. Basi ikawa mkaguzi akienda buchani, anakwenda na karani, shangazi, Mama Birika na birika lake, na cheti kinagongwa juu ya gogo la kukatia nyama. Karani alipong'olewa jino walimfuata kwa daktari wa meno, wakagonga vyeti tisa juu ya kifua chake huku mdomo ukiwa wazi. Dereva alipomsindikiza mama yake kituoni, watatu walikuwa pale pale kwenye lango la mabasi na pedi ya wino. Mama mtu alilia kwa furaha kuona mwanawe anavyopendwa kazini.

Mwaka ulikwisha namna hiyo, mpaka Jumatatu ya wiki ya mwisho, shangazi alipoiandika barua yake. Aliiweka mezani, akawaita. Karani akasoma, akasema, "Yaani ina maana wewe utakuwa…" Mama Birika akajipangusa macho kwa kanga. Dereva akaisoma mara mbili, akaitia robo yake mfukoni.

"Mwambie huyo mama sigongi," alisema.

Mama Birika akafungua mdomo, kisha akaufunga. "La," akasema. "Hii mtaambiana wenyewe."

Wakakaa. Saa ya ukutani ilizunguka dakika ishirini. Shangazi aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakiona kitanda cha dada yake kimetandikwa, na kati yake na kitanda hicho yuko mwanaume mmoja na mfuko wa suruali. Mwishowe akageuza shingo, akamwangalia dereva usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, akashangaa jinsi alivyozeeka.

"Kwa nini hugongi?"

"Nikigonga utaondoka."

"Si ndiyo nia yenyewe?"

"Na mimi nitanuniana na nani?" alisema dereva. "Karani humalizi naye neno. Mama Birika ukimnunia anacheka. Mimi asubuhi nikiamka najua nakuja kukununia wewe. Umri huu nianze na mtu mpya?"

Shangazi hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Ndipo lile jambo lenyewe likatajwa. Miaka kumi na moja nyuma, enzi shangazi akitoka pia kwenye ukaguzi, yeye na dereva walikwenda wawili tu kwenye soko moja kilomita arobaini kutoka mjini. Kazi ilipokwisha, dereva aliwasha gari akaondoka, shangazi akabaki. Alirudi mjini jioni juu ya lori la viti vya plastiki, amekaa kwenye kiti cha juu kabisa kama malkia aliyefukuzwa. Dereva alisema alimsahau. Shangazi alisema mtu mwenye sauti kama yake hasahauliki. Hapo ndipo mkataba uliposainiwa.

"Haki ya Mungu, nilikusahau," alisema dereva Jumatatu hiyo. "Nilidhani umelala kiti cha nyuma."

"Basi yaishe," shangazi akasema. "Nimekusamehe."

Dereva akatoa robo yake mfukoni. Mama Birika akahesabu. Moja, mbili, tatu. Meza ikalia mara moja.

Wakainua mikono, wakainamia karatasi. Muhuri ulikuwa mzima: mviringo umefunga, herufi zimeshikana, ufa hakuna. Hata shangazi peke yake, katika miaka yake yote, hakuwahi kugonga muhuri kama ule. Mkuu aliitwa, akautazama, akatoa leso. Aliomba nakala aitundike ofisini kwake. Dereva akaipeleka barua makao makuu mwenyewe, saa mbili za barabara, na shangazi jioni ile alianza kufunga vyombo.

Alhamisi barua ikarudi. Ilikuwa imebanwa na kikaratasi cha mistari miwili. Kilisema muhuri uliotumika si halisi. Muhuri wa ofisi hiyo unajulikana una msalaba mweupe katikati, na robo ya chini kulia imeinama. Barua halali iletwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Shangazi alisoma, akaniambia, "Siku moja tu tumefanya kazi vizuri, wametukataa." Usiku kucha nilisikia kitanda chake kikilia. Alijua miaka mitano ni nini kwa macho ya dada yake.

Ijumaa hiyo nilikuwepo, maana alisahau miwani nikamfuata nayo. Nilikuta wanne wameizunguka meza saa moja na nusu asubuhi, na Mkuu amesimama nyuma yao. Gari lilitakiwa kuondoka saa nne, si zaidi. Mbele yao palikuwa na rundo la karatasi za kujaribia, na kando, barua tatu mpya zilizoandikwa kwenye karatasi zenye nembo, za mwisho ofisini.

"Ni rahisi," Mama Birika akasema. "Tugonge kama zamani."

Wakagonga. Muhuri ukatoka mzima.

Shangazi akasema yeye atabonyeza mapema. Akabonyeza mapema, mikono yote minne ikabonyeza mapema. Dereva akasema basi yeye atachelewa. Wote wakachelewa. Wakajaribu kufumba macho. Wakajaribu kupeana migongo. Wakajaribu mmoja mmoja, karani akatoka nje kabisa, akarudi, akabonyeza peke yake, na robo yake ikakaa pale pale kama sahani iliyogundishwa. Karani akapiga chafya katikati ya hesabu; wote wanne wakapiga chafya. Nilihesabu mihuri kumi na saba, yote mizuri kiasi cha kuudhi.

Ikabidi Mkuu aingilie. Maskini, alitandaza karatasi yake kubwa ukutani, akashika kalamu nyekundu, na kwa uso wa mtu anayemzika mwanawe akaandika juu: UTENGANO.

"Kila mmoja," alisema, "afikirie jambo linalomkera kwa mwenzake. Alikuze. Alilishe."

Walikaa wakilisha. Karani akasema Mama Birika huweka sukari… Mama Birika akasema samahani, kesho nitapunguza. Karani akasema asante. Wakagonga, ukatoka mzima. Mkuu akainamisha kichwa ukutani. Kwa haraka shangazi akaisogeza barua ya kwanza, labda karatasi yenyewe italeta mkosi, ikatoka safi. Ya pili pia. Ikabaki moja, na saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi.

Shangazi akavua miwani niliyomletea. "Basi," akasema. "Nitampigia dada nimwambie atandue."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo. Nilitaka kumshika mkono nikaona aibu.

Dereva alikuwa anaizungusha robo yake kwenye kiganja. Sasa akaichovya kwenye wino, polepole.

"Siku ile sokoni," akasema, "sikukusahau."

"Unasemaje?"

"Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unakimbia, kiatu kimoja mkononi, unanipungia ule mfuko wa mawe ya mizani. Nikaongeza mwendo."

Mama Birika alikuwa ameshika robo yake hewani.

"Uliapa," shangazi akasema. "Jumatatu umeapa hapa hapa."

"Niliapa kwa sababu unaondoka. Ukweli ni kwamba ulikuwa umenisema njia nzima. Gia, honi, mashimo, shati langu. Nikasema leo nataka kurudi nyumbani kwa amani. Na nilirudi kwa amani. Sijawahi kufurahia barabara ile kama siku hiyo."

Shangazi akawa mbogo. Uso ulimvimba, machozi yakamtoka. Sijui Mama Birika alipata wapi akili, lakini aliisukuma barua ya mwisho katikati ya meza, akaanza kuhesabu: moja, mbili… Shangazi hakungoja. Alipiga robo yake kama anaua nge, akaacha, akainuka. Wengine wakabonyeza nyuma yake, na dereva wa mwisho kabisa.

Ufa ulikuwa mpana, ungepitisha kidole. Robo ya chini kulia ilikuwa imelala kabisa. Ulikuwa muhuri halisi, usio na shaka, na dereva aliinyakua barua wino haujakauka akatoka mbio. Shangazi alimfuata mpaka uani akimtupia maneno ambayo sitayaandika, na gari likapita getini likiongeza mwendo.

Barua ilipokelewa saa sita kasoro robo. Wiki iliyofuata shangazi aliaga ofisi. Alimwachia Mama Birika kikombe, akampa Mkuu mkono, akamkumbatia karani, ambaye alisema, "Sisi hapa tutakuwa tu…" Dereva alikuwa uani, amefungua boneti ya gari na kutia kichwa ndani, na hakukitoa mpaka shangazi alipoondoka.

Mwezi wa tatu baada ya hapo nilikutana na Mama Birika dukani, tukakumbushana ile Ijumaa, na akaniambia jambo lililonifanya nipande basi safari ya usiku kucha kwenda kwa shangazi. Nilimkuta kibarazani na dada yake, anamsomea gazeti kwa sauti, anagombana na kila habari. Sikungoja hata maji.

"Shangazi, yule dereva alikudanganya. Lile gari mwaka ule halikuwa na kioo. Vyote viliibwa, cha ndani na vya pembeni. Mama Birika anakumbuka, dereva akirudisha gari nyuma alikuwa anageuza shingo mpaka inamuuma. Asingeweza kukuona. Alikusahau kweli!"

Shangazi akakunja gazeti.

"Najua," akasema. "Fomu ya kuomba vioo vipya niliigonga muhuri mimi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile hasira ilinifunika. Nilikumbuka jioni, navua viatu."

"Sasa mbona humpigii ukamshukuru?"

Kabla hajajibu, simu iliyokuwa juu ya kigoda ikaita. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Shangazi akaipokea, akaiweka sikioni, asiseme kitu. Kutoka upande wa pili nilisikia gari linanguruma polepole, na mtu anayepumua, asiyesema kitu vilevile. Dakika moja ikapita, ikaja ya pili. Shangazi alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Kila Ijumaa ni hivyo hivyo," dada yake akaninong'oneza, kisha akapaza sauti: "Jamani, si umwambie huyo mtu hata habari za asubuhi?"

Shangazi akaiziba simu kwa kiganja.

"Nyamaza, dada," akasema. "Utamfanya aseme."